Udhaifu wa vivinjari vya intaneti: Kwa nini mwananchi wa Namanyere asisubiri Wi-Fi kusasisha simu yake

NAMANYERE, Rukwa – Huduma nyingi ambazo mkazi wa Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, alizoea kuzifuata ofisini, sasa huanzia kwenye kioo cha simu. Mfanyabiashara huomba leseni kupitia mfumo wa TAUSI ulio chini ya Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Mzabuni huwasilisha zabuni kupitia mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023. Mhitimu huomba kazi kupitia Ajira Portal, na mzazi hutazama matokeo ya mwanawe katika tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Wengi wanapozifikia huduma hizo hupita katika mlango mmoja, nao ni kivinjari cha intaneti.

Mlango huo ukiwa na hitilafu, usalama wa kilicho nyuma yake huwa mashakani, hata kama mfumo wa Serikali unaotafutwa umejengwa kwa uangalifu. Neno la siri, namba ya kitambulisho, barua pepe na taarifa za fedha za mwananchi hupita hapo kila siku.

Makala haya yanaeleza aina moja ya hitilafu hiyo, ambayo wataalamu wa usalama wa mtandao hukutana nayo mara kwa mara: kivinjari kupokea taarifa kutoka nje bila kuihakiki ipasavyo. Yanaeleza pia kwa nini marekebisho yanayotolewa bure na mtengenezaji huweza kuchelewa kuifikia simu ya mtu anayetumia bando pekee, na hatua anazoweza kuchukua.

Kivinjari na wajibu wa kukagua

Kivinjari ni programu inayofungua kurasa za intaneti. Chrome, Firefox, Safari, Opera, Edge na Samsung Internet ni miongoni mwa vivinjari vinavyojulikana zaidi. Mtumiaji anapogusa kiungo, kivinjari huenda kwenye seva yenye ukurasa huo, hupokea maandishi, picha na maelekezo, kisha hukipanga kila kitu ili kisomeke.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba karibu kila kitu ambacho kivinjari hupokea hutoka kwa mtu asiyejulikana. Ukurasa wa NECTA na ukurasa wa tapeli hufika kwenye simu kwa njia ileile na kwa lugha ileile ya kompyuta. Kwa sababu hiyo kivinjari hujengwa kwa kanuni kwamba kinachotoka nje kisiaminiwe mpaka kikaguliwe. Ukaguzi huo ndio huitwa uhakiki wa taarifa zinazoingizwa.

Mfano ulio karibu na mwananchi ni fomu inayoomba Namba ya Utambulisho wa Taifa. Namba hiyo, inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA), ina tarakimu 20, na tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku. Fomu iliyoundwa vizuri hujiuliza maswali kabla ya kuipokea. Je, ni tarakimu tupu? Je, zimetimia 20? Je, nane za mwanzo zinaunda tarehe iliyopo katika kalenda? Aliyejaza mwezi wa 13, au aliyeandika maneno mahali pa tarakimu, hurudishwa arekebishe. Fomu isiyouliza maswali hayo hupokea chochote, na hapo ndipo matatizo huanza.

Wakulima wa nyanda za juu za Ufipa wanaifahamu kanuni hii kwa njia nyingine. Mahindi yanayouzwa kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) hayaingizwi ghalani kwa kuamini neno la muuzaji. Hupimwa unyevu, ambao kwa kiwango cha Afrika Mashariki haupaswi kuzidi asilimia 13.5, na huangaliwa usafi wake. Sababu inaeleweka: gunia moja lenye unyevu likipita mlangoni bila kupimwa, huota ukungu na kuharibu mengine yaliyopangwa jirani. Hasara hiyo huanzia kwa mkaguzi aliyeacha kipimo chake mfukoni, hata kama kuta za ghala ni imara.

Kivinjari kisichokagua vizuri kiko katika hali hiyohiyo. Kinaweza kuwa na kuta imara za ulinzi, lakini ombi moja lililoandikwa kwa hila likipita bila kukaguliwa, madhara huanza kutokea ndani.

Kisa cha Agosti 2022

Tarehe 19 Julai 2022, watafiti wawili wa kitengo cha uchambuzi wa vitisho cha kampuni ya Google, Ashley Shen na Christian Resell, waliripoti udhaifu katika kivinjari cha Chrome kinachotumika kwenye simu za Android. Tarehe 16 Agosti 2022, siku 28 baadaye, Google ilitangaza marekebisho. Udhaifu huo ulipewa namba CVE-2022-2856, nao ulikuwa katika matoleo yote ya Chrome ya Android yaliyotangulia toleo 104.0.5112.101.

Namba zinazoanza na herufi CVE ni za utaratibu wa kimataifa wa kuorodhesha udhaifu wa programu za kompyuta. Utaratibu huo ulianza mwaka 1999 na unasimamiwa na taasisi ya MITRE ya Marekani. Tarakimu nne za kwanza huonyesha mwaka, na zinazofuata humtambulisha udhaifu mmoja mmoja ili mtaalamu aliyeko Dodoma na mwenzake aliyeko London wajue kuwa wanazungumzia jambo lilelile.

Maelezo rasmi ya udhaifu huo yalikuwa mafupi: uhakiki usiotosha wa taarifa zisizoaminika katika sehemu ya Android inayoitwa intenti. Ili kuelewa maana yake, ni vyema kutazama jinsi programu za simu zinavyosaidiana.

Katika simu ya Android, programu moja inaweza kuiomba nyingine ifanye kazi fulani. Mwananchi akigusa namba ya simu iliyoandikwa kwenye ukurasa, kivinjari huiomba programu ya kupiga simu ifunguke ikiwa na namba hiyo. Akigusa anwani ya mahali, programu ya ramani hufunguka. Ombi hilo linalotoka programu moja kwenda nyingine ndilo huitwa intenti. Ni jambo jema linalorahisisha matumizi, kwani bila hilo mtu angelazimika kunakili kila namba kwa mkono.

Tatizo ni kwamba ombi hilo huweza kuandikwa na mwenye ukurasa wa intaneti, ambaye huenda ni mtu mbaya. Kivinjari ndicho kinachosimama katikati na kuamua lipi lipite na lipi lizuiwe. Katika kisa hiki, Chrome ililiacha lipite ombi ambalo halikukaguliwa vya kutosha. Aliyeandaa ukurasa wenye hila aliweza kumpeleka mtumiaji kwenye tovuti nyingine yoyote aliyoitaka, bila ridhaa ya mtumiaji huyo.

Katika tangazo lake, Google ilieleza kuwa ilikuwa na taarifa kwamba njia ya kuutumia udhaifu huo ilikuwa tayari mikononi mwa washambuliaji. Ulikuwa udhaifu wa tano wa Chrome mwaka huo kutumiwa kabla ya marekebisho kutolewa. Siku mbili baadaye, taasisi ya Serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa mtandao, CISA, iliuingiza katika orodha yake ya udhaifu unaojulikana kutumiwa katika mashambulizi.

Kutoka mlango imara hadi mlango dhaifu

Huenda msomaji akajiuliza: kupelekwa tu kwenye tovuti nyingine kuna madhara gani? Jibu lilionekana wazi zaidi Machi 2023, Google ilipochapisha ripoti kuhusu kampuni zinazouza programu za upelelezi wa simu. Ripoti hiyo ilieleza kuwa washambuliaji waliwahi kuutumia udhaifu wa CVE-2022-2856 kuwahamisha watu kutoka kivinjari cha Chrome kwenda kivinjari cha Samsung Internet kilichomo katika simu ileile.

Mantiki yake ni ya mwizi anayejua nyumba ina milango miwili. Vivinjari vingi, vikiwemo Edge, Opera na Samsung Internet, hujengwa juu ya msingi mmoja wa programu uitwao Chromium, ambao ndio msingi wa Chrome pia. Marekebisho ya usalama yanapofanywa katika msingi huo, Chrome huyapata mapema. Vivinjari vingine huyapata vinapotoa matoleo yao, wakati mwingine baada ya wiki au miezi. Mshambuliaji akimtoa mtu kwenye kivinjari kilichosasishwa na kumpeleka kwenye kilichobaki nyuma, huwa amempeleka kwenye mlango ambao kufuli lake bado ni la zamani.

Ripoti hiyo ilitoa mfano wa Desemba 2022, ambapo watu waliokuwa katika Umoja wa Falme za Kiarabu walitumiwa ujumbe mfupi wa simu wenye kiungo. Kiungo hicho kilifanya kazi mara moja tu, kisha kikafa. Kilizilenga simu zenye kivinjari cha Samsung Internet, ambacho wakati huo kilijengwa juu ya toleo la 102 la Chromium, ilhali Chrome yenyewe ilikuwa imefikia toleo la 108. Baadhi ya matundu yaliyotumika katika shambulio hilo yalikuwa yamekwisha kuzibwa katika Chrome miezi kadhaa kabla.

Mashambulizi ya aina hiyo ni ya gharama kubwa na kwa kawaida huwalenga watu wachache waliochaguliwa. Mkazi wa kawaida wa Namanyere, Kirando au Kabwe hapaswi kuingiwa na hofu kwamba kila ujumbe anaopokea umebeba programu ya upelelezi. Lakini kuna mambo mawili yanayomgusa moja kwa moja. La kwanza ni kwamba njia ya kuingilia ilikuwa ujumbe mfupi wenye kiungo, njia ileile ambayo matapeli wa kawaida huitumia kila siku. La pili ni kwamba marekebisho yanapotangazwa, udhaifu huacha kuwa siri ya wachache. Mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kulinganisha toleo la zamani na jipya, akaona palipozibwa, kisha akawatafuta wale ambao bado hawajaziba. Ndiyo maana hatari kwa mtu wa kawaida huongezeka baada ya tangazo, si kabla yake, ikiwa simu yake haijasasishwa.

Si kisa kimoja tu

Udhaifu wa Agosti 2022 haukuwa wa mwisho wa aina yake. Tarehe 30 Agosti 2022, wiki mbili tu baadaye, mtu ambaye hakutaka jina lake litajwe aliripoti kwa Google udhaifu mwingine, CVE-2022-3075. Huo ulikuwa katika Mojo, sehemu ambayo vipande vya ndani vya Chrome hutumia kupelekeana ujumbe. Sababu ilikuwa ileile, yaani taarifa kutohakikiwa vya kutosha. Marekebisho yalitoka tarehe 2 Septemba 2022, siku tatu baada ya kuripotiwa.

Miaka mitatu baadaye hali ilijirudia. Tarehe 23 Juni 2025, watafiti wa Google, Clément Lecigne na Vlad Stolyarov, waliripoti udhaifu CVE-2025-6558, uliotokana na uhakiki wenye kasoro katika sehemu ya kivinjari inayoshughulikia michoro na picha. Chrome ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2025. Kwa kuwa sehemu hiyo hutumika pia katika kivinjari cha Safari, kampuni ya Apple nayo ilitoa marekebisho kwa simu za iPhone tarehe 29 Julai 2025.

Visa hivyo vitatu vina sura moja. Sehemu fulani ya kivinjari iliamini kitu ambacho ilipaswa kukikagua. Watafiti waligundua, mtengenezaji akarekebisha ndani ya siku au wiki chache, na marekebisho yakatolewa bila malipo. Kilichobaki ni hatua ya mwisho, ambayo mtengenezaji hawezi kuikamilisha peke yake, nayo ni kuyafikisha marekebisho hayo kwenye simu ya mwananchi.

Tiba ipo, lakini haijafika

Mtumiaji wa simu mwenye Wi-Fi nyumbani au ofisini mara nyingi hajui hata kama kivinjari chake kimesasishwa, kwa sababu kazi hiyo hufanyika usiku simu ikiwa kwenye chaji. Kwa mtu anayetegemea bando la siku au la wiki, mambo huwa tofauti. Simu nyingi za Android zimepangwa zisasishe programu zenyewe pale tu zinapounganishwa na Wi-Fi, ili kumwepusha mwenye simu na matumizi makubwa ya bando. Nia ni njema. Hata hivyo, simu ambayo haiungani na Wi-Fi kabisa huweza kukaa miezi mingi na kivinjari chenye tundu ambalo dunia nzima imekwisha kulijua.

Katika mji kama Namanyere na vijiji vinavyouzunguka, ambako watu wengi huingia mtandaoni kwa bando la simu, hilo ni jambo la kuzingatiwa. Bando linalonunuliwa kwa ajili ya kuwasiliana na wateja wa mahindi au maharage halitengewi sasisho ambalo mwenye simu haoni faida yake papo hapo. Gharama ya kutosasisha huonekana baadaye, pale akaunti inapoingiliwa.

Kundi la pili ni wenye simu za zamani. Chrome toleo la 138 ndilo la mwisho lililotengenezwa kwa ajili ya Android 8 na Android 9. Kuanzia toleo la 139, lililotoka Agosti 2025, kivinjari hicho huhitaji Android 10 au zaidi. Simu yenye Android 8 au 9 itaendelea kufungua kurasa kama kawaida, lakini matundu yatakayogunduliwa katika Chrome tangu hapo hayatazibwa katika simu hiyo.

Kundi la tatu ni watumiaji wa kompyuta za pamoja katika maduka ya steshenari, ambako wananchi wengi hujaziwa maombi ya kazi, mikopo ya elimu ya juu na usajili wa biashara. Kompyuta inayotumia Windows 7 au Windows 8.1 haijapata toleo jipya la Chrome tangu toleo la 109, lililotoka Januari 2023. Aidha, kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta moja ya steshenari hupokea maneno ya siri ya watu wengi kwa siku moja, hivyo udhaifu wake si wa mwenye duka peke yake.

Hatua za kuchukua

Hatua ya kwanza kwa mwananchi ni kusasisha kivinjari kwa mkono badala ya kusubiri Wi-Fi. Kwenye simu ya Android, mtumiaji hufungua Play Store, hugusa alama ya wasifu wake iliyo juu upande wa kulia, huingia sehemu ya kusimamia programu na kifaa, kisha hutazama masasisho yaliyopo. Si lazima kusasisha programu zote kwa wakati mmoja. Kama bando ni dogo, vivinjari vitangulie, vikifuatiwa na programu za benki na za mawasiliano. Kwenye iPhone, Safari husasishwa pamoja na mfumo mzima wa simu.

Hatua ya pili ni kukagua vivinjari vyote vilivyomo katika simu, kikiwemo kile kilichokuja nayo kutoka dukani na ambacho hakitumiki. Kama kisa cha mwaka 2022 kilivyoonyesha, mshambuliaji anaweza kukifungua kivinjari ambacho mwenye simu amekisahau. Kivinjari kisichotumika kiondolewe, au kizimwe kama simu hairuhusu kukiondoa. Kikibaki, nacho kisasishwe.

Hatua ya tatu ni kukifunga kivinjari kabisa na kukifungua upya baada ya sasisho, hasa kwenye kompyuta. Chrome ya kompyuta hupakua marekebisho kimyakimya, lakini hayaanzi kufanya kazi mpaka kivinjari kifungwe na kufunguliwa tena. Mwenye steshenari anayeacha kurasa zikiwa wazi kwa wiki nzima anaweza kuwa na tiba ndani ya kompyuta bila kuinywesha. Kuandika chrome://settings/help katika sehemu ya anwani huonyesha toleo lililopo na kama kuna jipya linalosubiri.

Hatua ya nne ni kutoharakisha kugusa viungo vinavyotumwa kwa ujumbe mfupi au katika makundi ya WhatsApp, hata kama vimetumwa na mtu anayefahamika, kwani naye huenda ametumiwa tu. Tovuti za Serikali ya Tanzania huishia na .go.tz. Mtu aliyegusa kiungo cha huduma ya Serikali akajikuta kwenye anwani yenye mwisho tofauti asijaze chochote. Ni salama zaidi kuandika anwani ya taasisi mwenyewe kuliko kuifuata kupitia kiungo.

Hatua ya tano ni kwa anayetumia kompyuta ya steshenari: asikubali kivinjari kihifadhi neno lake la siri, ahakikishe ametoka katika akaunti kabla ya kuinuka, na abadilishe neno la siri kwa kutumia kifaa anachokiamini pale anapopata mashaka. Kama simu yake ni ya zamani isiyopokea tena masasisho, ni vyema shughuli za benki na za akaunti za Serikali azifanyie kwenye kifaa kingine kilichosasishwa, na simu hiyo aiachie mazungumzo na matumizi mepesi.

Wajibu wa wamiliki wa mifumo

Kanuni ya kutoamini kabla ya kukagua haimhusu mtengenezaji wa kivinjari peke yake. Inamhusu pia kila anayejenga tovuti au mfumo unaopokea taarifa za wananchi, iwe ni shule, chama cha ushirika, kampuni au taasisi ya umma.

Makosa yanayojirudia ni ya aina mbili. La kwanza ni kuweka ukaguzi kwenye kivinjari cha mwombaji pekee. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuuruka ukaguzi huo na kutuma taarifa moja kwa moja kwenye seva, kwa hiyo seva nayo lazima ikague upya kila inachopokea. La pili ni kuchanganya taarifa na amri. Alama ndogo kama ile iliyomo katika jina la Mang'ula, katika hifadhidata iliyojengwa vibaya, huweza kusomeka kama mwanzo au mwisho wa amri. Mshambuliaji anayelijua hilo huingiza amri zake mahali pa jina. Wajenzi wengine hukimbilia kuikataa alama hiyo, na matokeo yake mwananchi mwenye jina halali hushindwa kujisajili. Uhakiki mzuri huzuia hila bila kumnyima mtu huduma, nao hufanywa kwa kutenganisha taarifa na amri tangu mwanzo wa ujenzi wa mfumo.

Kwa upande wa Serikali, Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inaipa Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA) jukumu la kusimamia viwango vya TEHAMA katika taasisi za umma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayosimamia utekelezaji wake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inakufanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa la jinai. Anayetumia tundu la kivinjari kuingilia akaunti ya mwenzake hawezi kujitetea kwa kusema mlango aliukuta wazi.

Mwananchi anapopata mashaka

Dalili za kuingiliwa si lazima zionekane kwa haraka. Miongoni mwazo ni kivinjari kufungua kurasa zisizoombwa, taarifa za kuingia katika akaunti kutoka kifaa kisichojulikana, neno la siri kukataliwa ghafla, au marafiki kupokea ujumbe ambao mwenye akaunti hakuutuma.

Anayeona dalili hizo abadilishe maneno ya siri kwa kutumia kifaa kingine, akianza na barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayotumika kurejesha akaunti nyingine zote. Kama kuna mashaka kuhusu fedha, benki au mtoa huduma wa fedha kwa simu ajulishwe mara moja. Ujumbe wa kitapeli uripotiwe kupitia namba 15040 iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na penye hasara au uhalifu, taarifa itolewe katika kituo cha Polisi. Ujumbe husika usifutwe, kwa kuwa ni ushahidi.

Kwa wanaosimamia kompyuta za ofisi, shule na maduka, Kituo cha Taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, TZ-CERT, kilichoanzishwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na kilicho ndani ya TCRA, hutoa tahadhari kuhusu udhaifu wa programu kupitia tovuti yake ya www.tzcert.go.tz.

Vivinjari vitaendelea kugundulika kuwa na matundu, kwa kuwa hakuna programu kubwa inayoandikwa bila kasoro. Kuyagundua na kuyarekebisha ni kazi ya watafiti na watengenezaji, na visa vya 2022 na 2025 vinaonyesha kuwa huifanya kwa siku au wiki chache. Siku zinazoongezeka baada ya hapo, simu ikiwa bado inasubiri Wi-Fi isiyokuja, huwa mikononi mwa mwenye simu. Sehemu ndogo ya bando inayotengwa kila mwezi kwa ajili ya kusasisha kivinjari ni gharama ndogo kuliko ya kurejesha akaunti, fedha au jina jema vilivyokwisha kupotea.